Ukaazi wa kununua na hofu ya kukabidhiwa: nchi zipi, kwa bei gani, mbele ya mahakama zipi

Mwishoni mwa mwaka 2010 New Zealand ilimpa Kim Dotcom, mfanyabiashara wa intaneti mzaliwa wa Ujerumani, kibali cha ukaazi kupitia mlango wa wawekezaji wakubwa. Januari 2012 polisi walivamia jumba lake nje ya Auckland wakiwa na helikopta. Marekani ilitaka akamatwe na apelekwe huko kujibu mashtaka yanayohusu tovuti yake ya Megaupload. Fedha alikwisha kuwekeza, kibali kilikuwa halali, na yote mawili hayakuwazuia polisi kuingia.

Sasa tazama upande wa pili wa kisa hicho. Amri ya kumkabidhi kwa Marekani ilitiwa saini na Waziri wa Sheria wa New Zealand Agosti 2024, zaidi ya miaka 12 baadaye. Katikati hapo shauri lilipanda ngazi za mahakama hadi Mahakama ya Juu, na Waziri Mkuu wa wakati huo, John Key, alimwomba radhi hadharani kwa kuwa idara ya ujasusi ilikuwa imemchunguza kinyume cha sheria. Hicho ndicho Dotcom alichonunua, na sidhani kama alilijua hilo siku anajaza fomu: nchi ambayo serikali yake inaweza kubanwa na mahakama zake ikakiri kosa.

Kwa kipimo hicho nitalinganisha nchi zinazouza ukaazi na uraia. Namwandikia mtu mwenye fedha halali anayepanga kuhama, lakini ana jambo linalomkosesha usingizi: mshirika wa biashara aliyegombana naye na mwenye ndugu polisi, ubishi wa kodi uliogeuzwa jinai, au utawala mpya unaofukua mikataba ya utawala uliopita. Aliyeiba na sasa anatafuta pa kujificha hatapata faraja humu. Tena ataona kuwa fedha zake zitamfaa kidogo kuliko wakala wake anavyomwambia.

Kukabidhiwa na kufukuzwa

Magazeti huandika "kubadilishana wahalifu". Ni jina baya, kwa sababu wengi wanaohusika ni watuhumiwa tu, na mara nyingi hakuna kinachobadilishwa. Nitasema kukabidhiwa. Nchi moja inaomba, mahakama ya nchi nyingine inalipima ombi, kisha kwa kawaida waziri anatoa uamuzi wa mwisho. Njia hii ina vizuizi vilivyozoeleka karibu dunia nzima. Kosa linalodaiwa liwe kosa katika nchi zote mbili. Ukishapelekwa, ushtakiwe kwa kosa lililoombewa, si kwa jingine ambalo mwendesha mashtaka alilificha mkobani. Makosa ya kisiasa yaachwe nje. Na tangu hukumu ya Soering ya mwaka 1989, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imeshikilia kwamba nchi mwanachama haimpeleki mtu kwenye mateso au udhalilishaji. Katika shauri lile Uingereza ilizuiwa kumpeleka Marekani kijana wa Kijerumani ambaye angekaa miaka akisubiri adhabu ya kifo. Alipelekwa baadaye, ila baada ya kutolewa ahadi kwamba hatashtakiwa kwa kosa lenye adhabu hiyo.

Kufukuzwa ni kitu kingine kabisa. Ni uhamiaji kusema: wewe ni mgeni, hatukutaki tena, panda ndege. Vizuizi nilivyotaja havimo, au vimo kwa udhaifu.

Juni 2020 polisi wa Dubai walimkamata Ramon Abbas, Mnigeria aliyejulikana Instagram kwa jina la Hushpuppi. Marekani na Umoja wa Falme za Kiarabu hazina mkataba wa kubadilishana wahalifu. Mwanzoni mwa Julai alikuwa Chicago, mikononi mwa vyombo vya Marekani, na Wizara ya Sheria ya huko ikaeleza kwa neno moja kwamba alifukuzwa kutoka Falme za Kiarabu. Wiki chache tu, ukilinganisha na miaka 12 ya Dotcom. Abbas alikiri makosa na kuhukumiwa zaidi ya miaka 11 jela, sina machozi kwa ajili yake. Lakini mlango uliofunguliwa kwa tapeli unaweza kufunguliwa pia kwa mtu ambaye kosa lake ni kushindana kibiashara na mtoto wa mkubwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama nchi fulani ina mkataba, uliza kama uhamiaji wake unaweza kuizunguka mahakama yake.

Orodha ya nchi "zisizo na mkataba"

Orodha hizi ni bidhaa pendwa ya mawakala, na mara nyingi mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia. Kutokuwepo kwa mkataba wa nchi mbili hakumaanishi kwamba hakuna msingi wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa mwaka 2003 unaruhusu nchi kuutumia wenyewe kama msingi wa kumkabidhi mtu. Ule wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka unafanya vivyo hivyo. Nchi za Jumuiya ya Madola zina utaratibu wao tangu mwaka 1966, uitwao Utaratibu wa London, unaotegemea sheria za kila nchi badala ya mikataba ya wawili wawili. Tena nchi nyingi hukubali ombi kwa msingi wa "nifanyie nikufanyie" bila karatasi yoyote ya kudumu.

Japani ina mikataba ya namna hii na nchi mbili tu, Marekani na Korea Kusini. Kwa mantiki ya orodha, mtu anayetafutwa na Japani angekuwa huru karibu dunia nzima. Muulize Carlos Ghosn, aliyekuwa mkuu wa Nissan. Alitoroka Japani Desemba 2019 akaingia Lebanon, nchi ambayo yeye ni raia wake na ambayo haikabidhi raia wake. Muda mfupi baadaye ilani nyekundu ya Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, ilifika Beirut na Lebanon ikamzuia kusafiri nje. Hakupelekwa Japani, lakini dunia yake imekuwa nchi moja ndogo. Na uraia ule ni wa familia yake, hakuununua.

Ukaazi au uraia

Hapo ndipo wakala hukuambia: basi ruka ukaazi, nunua uraia. Hoja yake ina nusu ya ukweli. Mkaazi ni mgeni, na mgeni anaweza kufukuzwa. Raia hafukuzwi, na nchi nyingi zenye mfumo wa sheria wa Ulaya bara hazimkabidhi raia wao: Ufaransa, Brazil na Uturuki ni mifano. Ujerumani imelikataza jambo hilo katika Katiba, ikaacha mwanya kwa nchi za Umoja wa Ulaya na mahakama za kimataifa. Uingereza na Marekani, kwa upande wao, hukabidhi hata raia wao.

Nusu nyingine ya ukweli haiandikwi kwenye vipeperushi. Katiba ya Brazil inamlinda raia wa kuzaliwa, lakini raia wa kuandikishwa anaweza kukabidhiwa kwa kosa la kawaida alilotenda kabla ya kupata uraia, na kwa dawa za kulevya wakati wowote. Yaani uraia uliochukuliwa baada ya tukio haulisafishi tukio. Nchi isiyokabidhi raia wake mara nyingi ina sheria ya kumshtaki nyumbani kwa kosa alilotenda nje, kwa hiyo unakwepa ndege tu na kesi inabaki. Halafu uraia wa kununua hufutika. Jho Low, mfanyabiashara wa Malaysia anayetafutwa kwa kashfa ya mfuko wa 1MDB, alipata pasipoti ya Cyprus mwaka 2015, na baadaye Cyprus yenyewe ikaanza kumvua uraia huo.

Mtu aliyeandikishwa kuwa raia kwa maelezo ya uongo, au kwa kuficha kesi, hana uraia wa kujivunia. Ana kesi ya pili.

Bei na mahakama, bega kwa bega

Viwango hivi hubadilika mara kwa mara, na karibu kila mara vinapanda. Nimeweka vya sheria zilizotumika kufikia mwaka 2025.

| Nchi | Unachopata | Kiwango cha chini | Siku za kukaa |
|---|---|---|---|
| Ureno | Ukaazi | Euro 500,000 kwenye mfuko wa uwekezaji, au mchango wa euro 250,000 kwa utamaduni | Wastani wa 7 kwa mwaka |
| Ugiriki | Ukaazi wa miaka 5 | Nyumba ya euro 800,000 maeneo yenye soko kali, 400,000 kwingine, 250,000 kwa jengo la kubadilishwa matumizi | Hakuna |
| Italia | Ukaazi | Euro 250,000 kwa kampuni changa ya ubunifu, 500,000 kwa kampuni ya kawaida | Hakuna kiwango kikali |
| Falme za Kiarabu | Ukaazi wa miaka 10 | Nyumba ya dirhamu milioni 2 | Hakuna |
| Uturuki | Uraia | Nyumba ya dola 400,000, isiyouzwa kwa miaka 3 | Hakuna |
| Visiwa vitano vya Karibiani | Uraia | Dola 200,000 na zaidi | Chache au hakuna |
| New Zealand | Ukaazi | Dola za New Zealand milioni 5 | 21 katika miaka 3 |

Anza na Ureno, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Mlango wa nyumba ulifungwa Oktoba 2023. Sasa ni mifuko, utafiti, utamaduni na ajira. Foleni ya maombi imekuwa ndefu mno, na Bunge mwaka 2025 lilipitisha muswada wa kurefusha miaka ya kusubiri uraia. Kwa jambo letu hili, hata hivyo, Ureno ina historia inayofundisha. Septemba 2002 Abu Salem, aliyetafutwa na India kwa milipuko ya mabomu ya Mumbai ya mwaka 1993, alikamatwa Lisbon. Ureno haina kifungo cha maisha wala adhabu ya kifo. Ilimkabidhi Novemba 2005, baada ya India kuahidi kwa maandishi kwamba hatauawa na hatafungwa zaidi ya miaka 25. Mahakama za India zilimhukumu kifungo cha maisha, lakini Julai 2022 Mahakama ya Juu ya India ikasema serikali lazima iheshimu ahadi ile. Unaona jinsi nchi inavyokukabidhi huku ikikushika mkono mmoja. Mtu ambaye hofu yake ni adhabu ya kupindukia, hapo pana kitu cha kupima.

Ugiriki ni rahisi kuingia na haikudai ukae. Ila usichukulie ulegevu wa uhamiaji kuwa ulegevu wa mahakama. Alexander Vinnik, Mrusi aliyehusishwa na soko la sarafu za kidijitali la BTC-e, alikamatwa huko Julai 2017 akiwa likizoni, kwa ombi la Marekani. Urusi nayo ikaomba apelekwe kwao, Ufaransa ikaomba pia. Alikaa kizuizini Ugiriki hadi Januari 2020, alipopelekwa Ufaransa, na mwaka 2022 akafika Marekani. Miaka miwili na nusu ndani, bila hukumu, wakati nchi tatu zinamgombania. Kesi za kukabidhiwa zina sifa hiyo mbaya: dhamana ni ngumu kwa sababu wewe ni mgeni na inadhaniwa utakimbia. Kibali, nyumba na watoto walioko shuleni husaidia kwenye ombi la dhamana, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida halisi ya ukaazi uliouishi kweli, tofauti na kadi iliyolala droo.

Kwa mwenye mgogoro na nchi mojawapo ya Umoja wa Ulaya, kulinganisha Ureno na Ugiriki na Italia ni kupoteza muda. Hati ya Kukamatwa ya Ulaya, inayotumika tangu 2004, inafanya kazi kati ya mahakama na mahakama, bila waziri. Kwa makundi 32 ya makosa makubwa hakuna hata kuuliza kama kosa lipo katika nchi zote mbili, na uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60 tangu kukamatwa, au 10 ukikubali mwenyewe. Ndani ya Umoja huo, kuhama nchi ni kuhama chumba. Ombi la kutoka nje ya Umoja linafuata njia ndefu ya mkataba na ukaguzi wa haki za binadamu, na hapo ndipo mahakama hizi zina thamani.

Italia nitaisifia kwa jambo moja tu: unaombewa ruhusa kwanza, unaingia, kisha ndipo unalazimika kuweka fedha, ndani ya miezi 3. Kwingine fedha hutangulia na jibu hufuata.

Falme za Kiarabu ndiyo nchi yenye mvuto mkubwa na utabiri mdogo. Kibali cha miaka 10, kodi ya mapato kwa mtu binafsi hakuna, ndege za kila upande. Mwaka 2022 ndugu wawili wa familia ya wafanyabiashara ya Gupta, Atul na Rajesh, wanaotuhumiwa kwa rushwa, walikamatwa Dubai kwa ombi la Afrika Kusini, na mkataba kati ya nchi hizo ulikuwa umeanza kutumika mwaka uliotangulia. Februari 2023 mahakama ya Dubai ikalikataa ombi kwa hoja za nyaraka na mamlaka ya kisheria, na Afrika Kusini ikapata habari hizo Aprili. Ukisoma kisa hicho peke yake utadhani Dubai ni ngome. Kisome sambamba na cha Hushpuppi. Ongeza kwamba mkataba na Uingereza upo tangu 2008, na kwamba Mei 2025 mtuhumiwa wa genge kubwa la dawa za kulevya alipelekwa Ireland. Nchi hiyo inaweza kukataa lenye mkataba na kutekeleza lisilo na mkataba. Uhusiano wa serikali mbili una uzito kuliko maandishi, na uhusiano hubadilika kwa ziara moja ya kiserikali.

Jambo jingine la huko watu hulisahau kwa kuogopa kupelekwa: unaweza kuzuiwa kutoka. Mdai wako anaweza kupata amri ya mahakama ya kukuzuia kusafiri kwa sababu ya deni, na kibali cha dhahabu, yaani ukaazi huu wa kununua, hakiiondoi.

Uturuki huuza uraia, na Katiba yake haimkabidhi raia isipokuwa kwa wajibu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kwenye karatasi ni kinga nzito kuliko zote zilizo kwenye jedwali. Masharti yake ni yale niliyosema: inaweza kukushtaki yenyewe, na uraia uliopatikana kwa kuficha jambo hufutwa. Zaidi ya hapo umejikabidhi kwa mfumo wa mahakama mmoja, kwa hiyo usome mfumo huo kwa bidii ile ile unayosoma bei ya nyumba.

Visiwa vya Karibiani, yaani St Kitts na Nevis, Dominica, Antigua na Barbuda, Grenada na St Lucia, vinauza pasipoti kwa miezi badala ya miaka. St Kitts ilianza mwaka 1984. Mfano wa kuutafakari ni Mehul Choksi, mfanyabiashara wa vito kutoka India. Alipata uraia wa Antigua mwaka 2017 na kuondoka India Januari 2018, muda mfupi kabla ya kashfa ya benki ya Punjab National kulipuka. Anakana mashtaka. Antigua ilitaka kumvua uraia, yeye akaenda mahakamani, na kwa miaka kadhaa mahakama za kisiwa zilimsikiliza. Aprili 2025 alikamatwa Ubelgiji, alikokuwa kwa matibabu, na Oktoba mahakama ya Antwerp ikaidhinisha apelekwe India. Kisiwa kilimlinda muda wote alipokuwa kisiwani.

Vanuatu nayo inauza pasipoti, lakini soko lake limeharibika: Umoja wa Ulaya ulianza kusimamisha msamaha wa viza mwaka 2022 na kuufuta kabisa mwishoni mwa 2024, sababu kubwa ikiwa uraia huo wa kununua. Marekani ina viza ya wawekezaji iitwayo EB-5, kuanzia dola 800,000 na ajira 10. Mahakama zake ni za wazi, kodi yake inakufuata duniani kote, na mtandao wake wa mikataba unavuka nchi 100. Asiye na kesi atafurahi. Mwenye kesi asianzie hapo.

Hatari iko safarini

Interpol ina nchi wanachama 196. Ilani nyekundu si hati ya kukamatwa; ni ombi kwa polisi wa dunia wamtafute mtu na kumshikilia kwa muda, na kila nchi inaamua yenyewe uzito wa kuipa. Katiba ya Interpol inakataza kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au kirangi, na iko tume ya kukagua mafaili yake ambayo mtu binafsi anaweza kuiandikia kuuliza kama jina lake limo, na kuomba lifutwe. Ilani nyingi hazionekani kwenye tovuti ya umma, kwa hiyo kujitafuta mtandaoni na kutojiona si uthibitisho wa chochote.

Hakeem al-Araibi, mchezaji mpira kutoka Bahrain, alikuwa na hadhi ya ukimbizi Australia. Novemba 2018 alikwenda Thailand kwa fungate na akakamatwa uwanja wa ndege wa Bangkok kwa sababu ya ilani iliyoombwa na Bahrain, ilani ambayo kwa sera ya Interpol yenyewe haikupaswa kutolewa dhidi ya mkimbizi. Ilifutwa siku chache baadaye, lakini yeye alikaa kizuizini hadi Februari 2019. Meng Wanzhou, mkuu wa fedha wa kampuni ya Kichina ya Huawei, alikuwa anabadilisha ndege tu Vancouver, Desemba 2018, akielekea Mexico, alipokamatwa kwa ombi la Marekani. Alikuwa na nyumba katika jiji hilo na aliwahi kuwa mkaazi wa kudumu wa Kanada. Aliondoka Septemba 2021. Na Roman Polanski, mwongozaji filamu na raia wa Ufaransa, alikuwa na nyumba Uswisi alikokwenda kwa miaka mingi. Mwaka 2009 alikamatwa akitua Zurich kwa ombi la Marekani, na Uswisi ikalikataa ombi hilo Julai 2010.

Wote watatu hawakurudishwa kwa nchi iliyowataka, na wote watatu walipoteza miezi au miaka. Kwa hiyo mwenye jambo linalomtia hofu asilinganishe nchi ya kuishi pekee, bali na nchi za kupitia.

Kalamu iliyo mikononi mwa unayemwogopa

Kuna kikwazo kimoja ambacho sijaona wakala akikitaja mapema. Karibu kila programu itakudai hati ya polisi ya nchi yako kwamba huna rekodi ya jinai, tena ya miezi ya karibuni. Itakudai uthibitisho wa chanzo cha fedha, na wakati wa kuhuisha kibali itakudai tena. Yaani serikali unayoihofia ndiyo inayoandika karatasi ya kukutoa. Ikifungua faili dhidi yako kabla ya maombi, mlango wa uwekezaji umefungwa kwa njia halali. Ikifungua katikati, fedha zako zimeshatoka na maombi yamesimama. Pasipoti pia ni mali ya serikali: ya Edward Snowden, Mmarekani aliyevujisha siri za ujasusi wa nchi yake, ilifutwa mwaka 2013 akiwa njiani, akakwama uwanja wa ndege wa Moscow zaidi ya mwezi mmoja.

Nchi za kupokea nazo hubadili nia. Cyprus iliacha kuuza uraia Novemba 2020 baada ya waandishi wa Al Jazeera kurekodi kwa siri. Uingereza ilifunga viza ya wawekezaji Februari 2022, Ireland mwaka uliofuata, Hispania Aprili 2025. Mwezi huo huo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kuwa programu ya uraia ya Malta inavunja sheria ya Umoja.

Ningechagua vipi

Mtu asiye na kesi wala fununu ya kesi, ambaye anataka tu mlango wa pili, ningemwelekeza Ureno au Italia, na Ugiriki kama nyumba yenyewe anaitaka. Bei ya mahakama imo ndani ya bei ya kibali. Akiwa na uwezo mkubwa, New Zealand.

Mfanyabiashara mwenye mgogoro ambao haujafika polisi, aanze na wakili wa jinai kabla ya wakala wa viza, na aanze mapema. Ahamie kweli: akodi nyumba, asajili watoto shule, alipe kodi. Dubai ningemshauri kama kituo cha biashara, si kama ngome.

Anayeandamwa kwa siasa, ukabila au imani yake asinunue chochote kwanza. Haki ya hifadhi chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 haina bei, na kifungu chake cha 33 kinakataza kumrudisha mtu kwenye mateso, jambo ambalo hakuna viza ya dhahabu inayoliahidi. Nimeona watu wenye uwezo wakiona haya kuomba jina la "mkimbizi", wakalipa nusu milioni kwa kadi isiyowapa ulinzi ule.

Mwenye hati ya kukamatwa tayari, programu hizi si zake. Wakili, kisha barua kwa tume ya Interpol kama ilani ni ya kisiasa, kisha kujibu mashtaka kutokea mahali ambapo hakimu anaweza kuikatalia serikali.

Na kwa wote, kabla ya kutuma hata senti, wakala ajibu kwa maandishi: ombi likikataliwa fedha zinarudi baada ya siku ngapi, kibali kikifutwa nani anashika hati ya nyumba, na mara ya mwisho mteja wake kuombwa na nchi nyingine ilikuwa lini na iliishaje. Swali la mwisho wengi watakwepa kulijibu. Wakili mzuri wa kukabidhiwa ataanza nalo yeye.